Kaseti ya Flashi kwa Game Boy Advance: Tazama Kwanza Namna Inavyohifadhi

Mtu anayetafuta kaseti ya flashi kwa ajili ya mashine yake ya zamani ya gemu, awe Kampala, Mbale au Arua, hukutana kwanza na maandishi makubwa yanayomhesabia gemu: mia tatu, mia tano, elfu moja, zote ndani ya kaseti moja. Hesabu hiyo haimsaidii kuchagua. Gemu kubwa kabisa za Game Boy Advance zina megabaiti 32, kwa hiyo kadi ya memori ya gigabaiti 8 inabeba zaidi ya mia mbili za ukubwa huo, na gemu nyingi ni ndogo kuliko hapo. Nafasi si shida ya kaseti yoyote inayouzwa leo. Kinachozitofautisha kaseti hizi ni jinsi zinavyotunza hatua uliyofikia: gemu inapozimwa, hifadhi yako inakaa wapi, inakaa kwa nguvu ya nini, na nini kitatokea umeme wa mashine ukikatika kabla hujajiandaa. Mimi hutumia EZ-Flash Omega Definitive Edition kwenye Game Boy Advance SP, nimeitumia pia EverDrive GBA X5 Mini ya rafiki yangu, na kaseti kadhaa za bei ya chini zimepita mikononi mwangu. Kila nilipolazimika kutoa hukumu, hukumu ilitegemea swali hilo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishika, kaseti ya flashi ina umbo lile lile la kaseti ya kawaida, lakini badala ya gemu moja iliyoandikwa kiwandani ina tundu la kadi ya memori, kumbukumbu ya kasi ambamo gemu uliyoichagua hupakiwa, na chipu inayoifanya mashine iamini kwamba imechomekewa kaseti halisi. Kadi ya memori peke yake haiwezi kujibu kwa kasi ambayo mashine inahitaji, na ndiyo maana gemu hunakiliwa kwanza kwenye ile kumbukumbu ya kasi kabla ya kuanza. Nintendo ilitoa Game Boy Advance mwaka 2001, ikafuatisha Advance SP mwaka 2003 na Game Boy Micro mwaka 2005, na zaidi ya mashine milioni 81 za familia hiyo ziliuzwa duniani. Zile nilizoziona hapa Uganda zimeletwa zaidi na ndugu waliorudi kutoka Uingereza, au zimepatikana katika mizigo ya vitu vilivyotumika, na mara nyingi zimefika bila kaseti hata moja. Mtu anabaki na mashine nzima, yenye kioo kizuri na vitufe vinavyofanya kazi, ila hana cha kuchomeka. Hapo ndipo kaseti ya flashi inapokuwa na maana.

Ili kuelewa tofauti za kaseti hizi ni lazima kwanza kuelewa kaseti halisi zilivyofanya kazi, kwa sababu hazikuhifadhi kwa njia moja. Baadhi zilikuwa na kumbukumbu ya SRAM ya kilobaiti 32 iliyolindwa na betri ndogo ya mviringo, ambayo ikiisha, hifadhi yote hutoweka. Nyingine zilitumia EEPROM, yenye baiti 512 au kilobaiti 8, na nyingine zilitumia kumbukumbu ya flashi ya kilobaiti 64 au 128; aina hizi mbili hazihitaji betri ili kukumbuka. Pokémon Ruby, Sapphire na Emerald ni mfano unaowachanganya wengi: zina betri ndani, lakini betri hiyo ni ya saa tu, na hifadhi yenyewe imo katika flashi. Betri inapokufa, gemu hutangaza kwamba betri ya ndani imeisha, na mambo yanayofuata saa, kama vile matunda kukua, husimama, ingawa mchezaji anaweza kuendelea pale alipoachia.

Kaseti ya flashi inatakiwa kuigiza njia zote hizi, na kuigiza ipasavyo kwa kila gemu. Ikikosea aina, gemu itacheza vizuri kabisa tangu mwanzo, kisha siku utakapotaka kuhifadhi itakuambia kwamba haiwezi, au itakubali na kesho yake isikumbuke chochote. Kaseti nzuri huitambua gemu na kuchagua aina sahihi yenyewe. Kaseti dhaifu humwachia mnunuzi kazi ya kurekebisha kila faili kwa programu ya kompyuta kabla ya kuiweka kwenye kadi. Baada ya hapo kuna hatua ya pili ambayo wauzaji hawaizungumzii kabisa. Unapohifadhi ndani ya gemu, taarifa haiendi papo hapo kwenye kadi ya memori, bali hukaa kwanza katika kumbukumbu ya ndani ya kaseti, na katika kaseti nyingi hunakiliwa kwenye kadi pale tu unapowasha mashine tena na menyu kutokea. Kati ya kuzima na kuwasha tena, hifadhi yako inategemea ile kumbukumbu ya ndani. Kama ni SRAM, inategemea betri ndogo. Kama ni FRAM, haitegemei umeme wowote.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu watoto wengi wa Uganda husoma shule za bweni. Watoto wa dada yangu hucheza wakati wa likizo, kisha mashine inafungiwa kabatini kwa muhula mzima, karibu miezi mitatu, bila mtu kuiwasha. Kaseti inayotegemea betri iliyochoka haitaonyesha dalili yoyote wakati wa likizo, maana mashine inawashwa kila siku na hifadhi inanakiliwa kila siku. Itaonyesha udhaifu wake mtoto atakaporudi. Kwa yeyote mwenye kaseti ya aina hiyo, nashauri kwamba kila anapomaliza kucheza kwa mara ya mwisho azime mashine, aiwashe tena mpaka menyu itokee, ndipo aizime na kuiweka. Hapo faili imeshaandikwa kwenye kadi, na betri ikifa hakuna kinachopotea isipokuwa saa.

EZ-Flash Omega Definitive Edition imelitatua tatizo hili kwa kutumia FRAM, na ndiyo sababu kubwa iliyonifanya niichague. Betri imo, lakini ni ya saa; ikiisha, gemu zinazofuata saa zitapotewa na wakati, ila hifadhi itabaki. Ina pia mtetemo kwa gemu chache zinazoutumia. Menyu yake ni ya kawaida, herufi zinasomeka vizuri kwenye kioo kidogo chenye nukta 240 kwa 160, na ina sehemu kuu mbili, moja ikionyesha yaliyomo kwenye kadi na nyingine ikionyesha yaliyomo katika kumbukumbu ya NOR iliyo ndani ya kaseti. Ukiipakia gemu kwa njia ya kawaida, inaingia katika kumbukumbu ya kasi kwa muda mfupi na inaondoka unapozima. Ukiiandika kwenye NOR, utasubiri zaidi, kwa sababu kuandika humo ni kazi ya polepole, lakini gemu itabaki humo hata mashine ikizimwa, wala hutaipakia upya kila mara. Kwa nyumba ambayo mtoto mmoja anacheza gemu ile ile likizo nzima, njia ya NOR ndiyo ninayoipendekeza.

Kaseti hiyo ina nyongeza nyingine ambazo mchezaji anaweza kuziwasha kabla ya kuanza gemu: kulaza mashine bila kuizima, kurudi kwenye menyu, na kuhifadhi mahali popote ulipo hata kama gemu yenyewe hairuhusu. Hii ya mwisho ni msaada wa kweli mahali ambapo mtu anaweza kuitwa wakati wowote, ila haipatani na gemu zote, na ni vema isitegemewe badala ya hifadhi ya kawaida ya gemu. Nimewazoesha watoto kuhifadhi kwanza ndani ya gemu, halafu kutumia nyongeza wakitaka. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba ina mipangilio mingi kuliko anayohitaji mtu asiyependa kuchunguza, na mtoto anayebonyeza ovyo anaweza kuanzisha gemu kwa mpangilio usiofaa. Baada ya kuipanga mara ya kwanza ni afadhali mtu mzima awaonyeshe watoto kitufe kimoja cha kuanzisha gemu na kuyaacha mengine.

EverDrive GBA X5 Mini, inayotengenezwa na Krikzz wa Ukraine, ina tabia tofauti. Mambo yake ni machache na yametulia: unachagua faili, gemu inaanza, unacheza, unazima, na unapowasha tena hifadhi inaandikwa kwenye kadi bila wewe kubonyeza chochote. Ganda lake lina ukubwa wa kaseti halisi, kwa hiyo linakaa vizuri kwenye SP bila kuchomoza, na limetengenezwa kwa kujali matumizi madogo ya umeme. Kinachokosekana ni saa. Mchezaji wa Pokémon Ruby, Sapphire au Emerald atakosa sehemu ya gemu yake, ilhali mchezaji wa FireRed au LeafGreen hatakosa kitu, kwa sababu hizo mbili hazikuwekewa saa tangu mwanzo. Bei yake ni ya juu kuliko ya EZ-Flash. Ningemshauri mtu anayemnunulia mzee au mtoto mdogo achukue X5 Mini bila kusita, kwa maana haina mahali pengi pa kupotea. Anayependa gemu zenye saa, au anayetaka mtetemo na nyongeza, achukue Omega Definitive Edition. EZ-Flash Omega ya kwanza, isiyo na maneno hayo mawili ya mwisho, bado inauzwa na sura zake zinafanana, hivyo jina lisomwe lote kabla ya kulipa.

Kuhusu kaseti za bei ya chini sitasema mengi. Zile zinazokuja na gemu nyingi zilizokwisha kuandikwa ndani, zisizo na tundu la kadi, mara nyingi hutoa nafasi moja ya hifadhi kwa gemu zote, kwa hiyo ukihifadhi katika gemu ya pili unafuta ya kwanza, na nyingine hazihifadhi kabisa. Kwa mtoto anayecheza gemu za mbio za magari au mpira zinazokwisha kwa dakika kumi, hilo si hasara kubwa. Kwa gemu ndefu ya hadithi ni hasara tupu. Kuna pia kaseti zinazofuata muundo wa zamani wa SuperCard, ambazo zina tundu la kadi, lakini kumbukumbu yake ni ya polepole kuliko kaseti halisi, na baadhi ya gemu huonekana zikikwama kwama pale picha zinapokuwa nyingi. Gemu zake huhitaji kurekebishwa kwanza kwenye kompyuta. Mwenye kompyuta na subira anaweza kuzitumia. Mimi sizipendekezi kwa mtu wa kwanza kununua.

Umeme wa mashine yenyewe unastahili kutazamwa kwa makini kuliko kawaida. Kaseti ya flashi hula umeme zaidi ya kaseti halisi, hasa wakati wa kusoma na kuandika kadi. Game Boy Advance ya kwanza hutumia betri mbili za AA, na Nintendo iliahidi takriban saa 15 kwa betri nzuri za alkali. Betri za bei ya chini zinazouzwa katika vibanda vyetu ni za zinki na kaboni, na volti zake huporomoka haraka zinapodaiwa umeme mwingi kwa ghafla. Matokeo yake ni kwamba mashine inaweza kujizima katikati ya kupakia gemu, au, vibaya zaidi, wakati kaseti inaandika hifadhi kwenye kadi, na faili ikaharibika. Betri za kuchaji za aina ya NiMH zina volti 1.2 tu kwa maandishi, na kwa sababu hiyo watu huzidharau, lakini huishikilia volti hiyo kwa uthabiti na huifaa kaseti ya flashi kuliko zile za kaboni. Seti moja nzuri na chaja yake hurudisha gharama mapema.

SP ina betri yake ya ndani ya kuchaji, ambayo ilipokuwa mpya ilitoa saa 10 taa ikiwaka na 18 ikiwa imezimwa. Mashine za umri huu nyingi zina betri iliyozeeka. Kabla ya kuilaumu kaseti kwa kujizima ovyo, badilisha betri ya SP kwanza, kazi ambayo haihitaji fundi, kwa kuwa kifuniko chake kinafunguliwa kwa bisibisi moja. Waya wa USB wa kuchajia SP unapatikana kwa bei ndogo, na ukiwa nao unaweza kuichaji kwa pawabenki au kwa kisanduku cha sola chenye tundu la USB, kama vilivyo katika nyumba nyingi za vijijini, bila kusubiri umeme urudi au uniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, zinunuliwe. Hakikisha pia kwamba taa nyekundu ya betri haiwaki kabla ya kuhifadhi. Hilo linafaa kufundishwa watoto kabla ya kufundishwa gemu yenyewe.

Kadi ya memori ni sehemu inayoharibu sifa ya kaseti nyingi zisizo na kosa. Kadi bandia hubadilishwa chipu yake ili itangaze gigabaiti 64 ilhali ina 8 za kweli. Unanakili faili, zote zinaonekana, lakini zilizovuka uwezo wa kweli zimeandikwa juu ya nyingine au hazipo kabisa. Mtu huona gemu inagoma na kudhani kaseti ni mbovu. Kabla ya kuitumia kadi yoyote, ijaribu kwa H2testw kama kompyuta yako ni ya Windows, au kwa F3 kama ni ya Linux. Programu hizo huijaza kadi kwa data na kuisoma tena ili kuthibitisha ukubwa wake. Nunua ya gigabaiti 16 au 32 kutoka kwa muuzaji atakayekubali kuirudisha. Kadi za kiwango cha SDHC, yaani mpaka gigabaiti 32, huja zikiwa katika mfumo wa FAT32 ambao kaseti hizi zote huusoma. Zile za gigabaiti 64 na kuendelea huja katika exFAT na huenda zikahitaji kuumbizwa (kufomatiwa) upya. Mara moja kwa mwezi nakili folda ya hifadhi kwenye kompyuta au simu. Ni faili ndogo mno, na kila moja ni ndogo kuliko picha moja ya simu.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama kaseti ya Game Boy Advance itacheza pia gemu za Game Boy ya mwaka 1989 na Game Boy Color ya mwaka 1998. Jibu ni ndiyo, ila kwa kupitia programu ya kuigiza inayoitwa Goomba (kwa gemu za Color, Goomba Color), na uigizaji huo una mipaka: sauti haifanani kabisa na baadhi ya gemu hugoma. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba Game Boy Advance na SP zina ndani yake uwezo halisi wa mashine ya zamani. Kaseti ya Game Boy ina umbo tofauti, nalo hubonyeza swichi ndogo ndani ya tundu, na mashine hubadilika kutoka volti 3.3 kwenda volti 5 na kufanya kazi kama Game Boy Color kamili. Kwa hiyo anayependa gemu hizo za zamani kuliko za Advance anunue kaseti ya flashi iliyotengenezwa kwa Game Boy, na ataitumia kwenye SP bila uigizaji wowote. Game Boy Micro na Nintendo DS hazina uwezo huo.

Katika kundi hilo, EverDrive GB ilitolewa katika ngazi za X3, X5 na X7, na tofauti kati yake inanirudisha kwenye swali langu la kwanza. X3 haihifadhi kwenye kadi mpaka ubonyeze kitufe cha kaseti kabla ya kuzima, ukisahau, umepoteza. Hiyo siwezi kumpa mtoto. X5 haihitaji kitufe hicho. X7 inaongeza saa, ambayo inahitajika kwa Pokémon Gold, Silver na Crystal, na hifadhi ya papo hapo popote ulipo. EZ-Flash Junior nayo ina saa na bei yake ni nafuu kuliko X7, na kwa mtu wa kipato cha kawaida naiona kuwa chaguo la busara.

Wenye Nintendo DS ya mwaka 2004 au DS Lite ya 2006 wana soko la kaseti zenye jina la R4, na humo tahadhari inahitajika zaidi. R4 ya asili haikusoma kadi zaidi ya gigabaiti 2. Zilizofuata ni nakala za viwanda vingi, na baadhi zimewekewa tarehe ndani ya programu yake: siku hiyo ikipita, kaseti hukataa kufunguka na kumtaka mtu anunue nyingine. Kurudisha nyuma saa ya mashine huifungua tena, lakini huvuruga gemu zinazofuata saa, na suluhisho la kudumu ni kubadilisha programu iliyo kwenye kadi. Mahakama ya Tokyo mwaka 2009 na Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 2010 ziliamua dhidi ya uuzaji wa kaseti hizo.

Upande wa sheria sisi pia tuna sheria yetu, ile ya Hakimiliki ya mwaka 2006, ambayo inazilinda programu za kompyuta kama kazi nyingine za ubunifu. Kupakua gemu ambayo hukuinunua ni kuchukua kazi ya mtu. Naliandika hili kwa sababu naamini kaseti ya flashi ina matumizi mazuri yasiyohitaji kumwibia mtu. Mwenye kaseti halisi zinazozeeka anaweza kutumia kifaa kama GBxCart RW, ambacho huunganishwa na kompyuta kwa USB, akatoa nakala ya gemu na ya hifadhi yake kabla betri ya kaseti haijafa. Kuna pia gemu mpya zinazotengenezwa leo na watu binafsi kwa ajili ya mashine hizi na kutolewa bure au kuuzwa kama faili, zikiwemo Tobu Tobu Girl kwa Game Boy na Anguna kwa Game Boy Advance, zote zikiwa za bure.

Tena kuna GB Studio, programu ya bure inayomwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kutengeneza gemu ya Game Boy kwa kupanga picha, wahusika na mazungumzo. Kiswahili kinaingia humo bila taabu yoyote, kwa kuwa herufi zake zote zimo katika maandishi ya kawaida ya programu hiyo. Nimewaona watoto wakiandika mazungumzo ya boda boda na abiria wake wanaobishania nauli ya kutoka Wandegeya mpaka Ntinda, wakaihamisha faili kwenye kadi, wakaichomeka, na jina lao likatokea kwenye kioo cha mashine iliyotengenezwa kabla hawajazaliwa. Hakuna gemu ya kununua iliyowafanya wakae juu ya kazi moja kwa muda kama huo, na walimu wa Kiswahili wanaotafuta sababu ya kuwafanya wanafunzi waandike wangefaidika kuijaribu. Kwa kazi hii kaseti ya Game Boy, kama Junior, inafaa kuliko ya Advance, kwa sababu gemu za GB Studio hazipatani vizuri kila mara na Goomba.

Kuhusu mahali pa kununua, hapa Kampala utaona kaseti hizi mara chache, na zinazoonekana ni zile za bei ya chini zilizojadiliwa juu. Omega, Junior na EverDrive huagizwa kutoka nje, na ni vema ziagizwe kwa watengenezaji au kwa wauzaji waliowataja wenyewe, kwani nakala bandia za EverDrive ni nyingi na huenda zisikubali programu mpya ya mtengenezaji. Katika hesabu yako ongeza usafiri na kodi ya forodha, na ukumbuke kwamba VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya thamani inayojumuisha usafiri na ushuru, wala si juu ya bei ya bidhaa peke yake. Kuagiza pamoja na wenzako wawili watatu hupunguza gharama ya usafiri kwa kila mmoja. Tunza risiti ya malipo, maana ndiyo itakayoonyesha thamani ya kweli ya kifurushi.

Kaseti ikifika, ijaribu wakati muda wa kuirudisha haujapita. Chagua gemu moja ya kila aina ya hifadhi unayokusudia kuicheza, ianzishe, hifadhi ndani ya gemu, zima, chomoa kaseti na uiache nje ya mashine usiku kucha. Kesho yake iwashe, angalia kama hatua yako ipo, kisha fungua kadi kwenye kompyuta na uone kama faili ya hifadhi imeandikwa kwa tarehe mpya au, kwa kaseti isiyo na saa, kama angalau faili yenyewe ipo na haina baiti sifuri. Rudia jaribio hilo betri ya mashine ikiwa imebaki kidogo, kwani hapo ndipo kaseti dhaifu hukosea.